Mahakama za California na hesabu wanazopelekewa wabunge wa jimbo: nini kinasemwa, nini kinabaki kimya

#1 Mtazama Kasma (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimeufungua uzi huu kwa ajili ya swali ambalo kwetu huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba kuliuliza ni kumvunjia hakimu heshima: mahakama ikishapewa fedha za umma, inapaswa kuwaeleza nini wabunge walioziidhinisha, na kwa undani gani? Nimechukua mfano wa jimbo la California, nchini Marekani, kwa sababu kule swali hili limepita hatua zote, tangu enzi za kuaminiana bila kuulizana hadi sheria inayotaja tarehe ya kila taarifa, na kati ya hatua hizo mbili upo mradi mmoja wa kompyuta uliokula takriban nusu bilioni ya dola kisha ukaachwa.

Tuanze na chanzo, maana bila hicho mengine hayaeleweki. California ina kaunti 58, na kila kaunti ina mahakama yake ya kusikiliza mashauri kwa mara ya kwanza. Kwa miongo mingi mahakama hizo zilikuwa zikitegemea zaidi mifuko ya kaunti, hivyo kaunti yenye mapato mazuri iliajiri makarani wa kutosha, na kaunti maskini iliacha majalada yarundikane. Mwaka 1997 Bunge la jimbo lilipitisha sheria inayojulikana kwa majina ya wabunge Lockyer na Isenberg, ambayo ilihamishia jukumu la kuzigharamia mahakama hizo kwa serikali ya jimbo, na utekelezaji ukaanza Januari 1998. Mwaka 2002 ikafuata sheria nyingine iliyofungua njia ya kuhamisha majengo ya mahakama kutoka mikononi mwa kaunti.

Hapo ndipo haja ya taarifa ilipozaliwa. Wakati wa kaunti, wasimamizi waliotoa fedha waliishi mji uleule ulio na mahakama, na foleni ya wananchi mlangoni waliiona kwa macho. Baada ya 1998 fedha zikawa zinapigiwa kura Sacramento, makao makuu ya jimbo, na maseneta 40 pamoja na wajumbe 80 wa baraza la chini, wengi wao wakiwa hawajawahi kuingia katika mahakama nyingi wanazozitengea fungu. Mtu wa namna hiyo hana jicho lingine isipokuwa karatasi anayoletewa. Karatasi ikificha, naye haoni.

Kiungo kati ya mahakama na Bunge ni Baraza la Mahakama, chombo kilichoundwa kikatiba mwaka 1926 na kinachoongozwa na Jaji Mkuu wa jimbo. Kina wajumbe 21 wenye kura, wengi wao majaji, pamoja na mawakili wanne na mjumbe mmoja kutoka kila baraza la Bunge. Chombo hiki ndicho kinachogawa fedha kwa mahakama 58, na hichohicho ndicho kinachowaandikia wabunge taarifa ya jinsi zilivyogawanywa na kutumika. Naomba jambo hili mlishike, kwa sababu hoja yangu yote imelalia hapo.

#2 Wakili wa Bandarini

Ndugu Mtazama Kasma, nashukuru kwa kufungua mjadala huu, lakini naomba uniruhusu nipinge mapema. Uhuru wa mahakama hauishii kwenye kuandika hukumu. Mbunge anayeweza kumuuliza jaji kwa nini ametumia kiasi fulani kwa karatasi, kesho anaweza kumuuliza kwa nini shauri la mpinzani wake limechukua muda mfupi, na mwaka unaofuata akapunguza fungu bila kutaja sababu. Mwenye mfuko ana nguvu, na nguvu hiyo haihitaji kutamkwa ili ifanye kazi. Je, kudai taarifa za kina hakumpi mwanasiasa fimbo ya kumchapia hakimu?

#3 Mtazama Kasma

Mheshimiwa Wakili, hofu yako ina msingi, na California yenyewe imetoa ushahidi wa kuiunga mkono, nitaufikia. Hata hivyo naomba kwanza nieleze kilichotokea pale ambapo wabunge hawakuwa na taarifa kamili.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uongozi wa mahakama uliamua kuunda mfumo mmoja wa kompyuta wa kusimamia mashauri katika kaunti zote 58. Wazo lenyewe lilikuwa jema, kwa kuwa kila kaunti ilikuwa na mfumo wake na jalada la mtu mmoja halikuweza kusomeka kaunti ya pili. Mwaka 2004 gharama ilikadiriwa kuwa dola milioni 260. Mkaguzi wa Jimbo alipotoa ripoti yake Februari 2011, baada ya kuombwa na kamati ya Bunge inayoshughulikia ukaguzi, alionyesha kwamba kufikia 2010 makadirio yalikuwa yamepanda hadi dola bilioni 1.9. Mkataba na mjenzi mkuu wa mfumo ulianza kwa dola milioni 33, ukarekebishwa mara 102, ukafika dola milioni 310. Wakati huo mahakama saba tu ndizo zilizokuwa zikitumia matoleo ya muda ya mfumo huo. Tarehe 27 Machi 2012 Baraza la Mahakama lilipiga kura kuusitisha.

Kwa mtu anayefuatilia suala la taarifa, kupanda kwa gharama si jambo kubwa zaidi katika ripoti ile. Miradi hupanda gharama kila mahali. Kilichonigusa ni kwamba taarifa zilikuwepo. Wabunge walikuwa wakipelekewa maelezo ya mradi mwaka baada ya mwaka, lakini Mkaguzi alikuta kwamba maelezo hayo hayakubeba gharama zote. Fedha ambazo mahakama za kaunti zilikuwa zikitumia kwenye mfumo kutoka kwenye mafungu yao wenyewe, pamoja na zile ambazo zingehitajika ili kuufunga mfumo huo katika kila kaunti, zilikuwa nje ya hesabu iliyofika Bungeni. Mahakama saba nilizozitaja zilikuwa zimetumia takriban dola milioni 44 za kwao. Kwa hiyo mbunge aliyesoma kwa uaminifu kila ukurasa alioletewa bado alikuwa anaona sehemu ya jengo tu, huku akiamini amelizunguka lote.

Sasa rudi kwenye uhuru wa mahakama, mheshimiwa. Majaji wa kawaida ndio waliokuwa wa kwanza kulia. Katika kipindi hichohicho, kuanzia Septemba 2009, mahakama za jimbo zima zilikuwa zikifungwa Jumatano ya tatu ya kila mwezi ili kubana matumizi. Mwaka huohuo kundi la majaji lilijiunga na kuunda chama chao, Alliance of California Judges, ambacho kilipinga hadharani jinsi ofisi ya makao makuu ya mahakama ilivyokuwa inatumia fedha. Muswada wa kuzirudishia mahakama za kaunti mamlaka zaidi juu ya fedha zao ulipita katika baraza la chini Januari 2012, ukakwama katika Seneti. Kwa maneno mengine, wapo majaji walioona kwamba kinachotishia kazi yao ni hesabu zilizofungwa katika ofisi ya juu yao, na wakamwendea mbunge wenyewe kutafuta nafuu.

#4 Karani Mstaafu

Nimefanya kazi masijala kwa miaka mingi, na naomba kuuliza swali la mtu wa chini. Taarifa zenyewe zina nini ndani? Hapa kwetu nimeona taarifa nyingi zenye mistari mitatu: mishahara, matumizi mengineyo, maendeleo. Ukimaliza kuisoma huwezi kujua kama mahakama fulani ilikosa wino au ilinunua gari.

#5 Mtazama Kasma

Mzee wangu Karani, swali lako ndilo swali lenyewe.

Mwaka wa fedha California unafungwa tarehe 30 Juni. Kufikia 30 Septemba Baraza la Mahakama linatakiwa kuwapa wenyeviti wa kamati za bajeti na za sheria, wa mabaraza yote mawili, taarifa ya kiasi kilichogawiwa na kurejeshwa kwa kila mahakama. Kufikia 31 Desemba inafuata taarifa ya mapato, matumizi na bakaa (kiasi kilichobaki), mahakama kwa mahakama, na si kwa jumla ya jimbo. Hivyo mbunge wa Fresno, mojawapo ya kaunti hizo, anaweza kuiona Fresno peke yake, na akaiweka kando ya kaunti jirani.

Baada ya sakata la mfumo wa kompyuta likaongezwa jambo ambalo mimi naliona ni zito kuliko yote. Sheria ya mikataba ya mahakama, iliyopitishwa mwaka 2011, inataka mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti, wabunge na Mkaguzi wa Jimbo wapelekewe orodha ya wazabuni na malipo yao, pamoja na mikataba iliyorekebishwa. Neno “iliyorekebishwa” halikuwekwa hapo kwa bahati. Mkataba uliobadilishwa mara 102 usingeweza tena kukua kimyakimya, kwa sababu marekebisho yangekuwa yanajitokeza kila baada ya miezi sita. Sheria hiyo pia inamtaka Mkaguzi akague ununuzi wa mahakama kadhaa kwa zamu. Sambamba na hayo, mradi mkubwa wa teknolojia ukizidi dola milioni 5 sharti upitiwe kwanza na chombo cha teknolojia cha serikali ya jimbo, ambacho kinatoa mapendekezo.

Hata hivyo taarifa hazikumaliza tatizo. Januari 2015 Mkaguzi alirudi na ripoti nyingine iliyohoji takriban dola milioni 30 za malipo ya watumishi na taratibu za uendeshaji katika makao makuu ya mahakama kwa kipindi cha miaka minne, fedha ambazo kwa maoni yake zingeweza kwenda kwenye mahakama za kaunti. Alihoji hata kwa nini ofisi kuu ibaki San Francisco, mji wenye pango la bei kubwa, wakati Sacramento ipo. Mambo hayo hayakuwa siri. Yalikuwa ndani ya mafungu yaliyoidhinishwa kihalali, chini ya vichwa vipana vya matumizi ambavyo havimlazimishi msomaji kusimama na kuuliza.

Jibu langu kwako, Mzee Karani, ni kwamba mistari mitatu haitoshi, lakini hata mistari mia tatu haitoshi iwapo anayechagua majina ya mistari ni yuleyule anayepaswa kuhojiwa.

#6 Mkazi wa Kisumu

Naomba kuchangia kutoka upande wetu, kwa sababu katiba yetu ya mwaka 2010 ilijaribu kulitatua jambo hili kwa njia nyingine. Ibara ya 173 iliunda Mfuko wa Mahakama na kumkabidhi Msajili Mkuu wa Mahakama usimamizi wake. Kila mwaka Msajili Mkuu hutayarisha makadirio ya matumizi na kuyawasilisha katika Bunge la Taifa, bila kupitia wizara, na yakiidhinishwa yanakuwa ni deni la moja kwa moja kwenye mfuko mkuu wa Serikali. Isitoshe, Jaji Mkuu hutoa kila mwaka ripoti ya hali ya mahakama na utoaji haki. Ninavyoona mimi, hapo uhuru na uwajibikaji vimewekwa katika ibara moja, na hakuna kilichomeza kingine.

#7 Wakili wa Bandarini

Na kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 ilianzisha Mfuko wa Mahakama na nafasi ya Mtendaji Mkuu, ambaye ndiye afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa matumizi ya fedha, ili jaji asibebe tena mzigo wa vocha. Katika vitabu vya bajeti mfuko huo ni Fungu 40, na hesabu zake hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kama hesabu za mafungu mengine.

Nakubali, Ndugu Mtazama Kasma, kwamba mfano wa mfumo wa kompyuta umenipunguzia ukali. Lakini uliahidi kuutoa ushahidi unaounga mkono hofu yangu. Bado nausubiri.

#8 Mtazama Kasma

Sijausahau, mheshimiwa, na sitaupunguza makali.

Taarifa za matumizi zilipoanza kuonyesha bakaa za kila mahakama, wabunge na ofisi ya gavana waliona kwamba baadhi ya mahakama za kaunti zilikuwa na akiba nzuri. Ulikuwa ni wakati wa upungufu mkubwa wa fedha baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008, na mwaka wa fedha wa 2011/12 peke yake mahakama zilikatwa dola milioni 350. Akiba ile ikageuka kishawishi. Serikali ilitumia akiba hizo kuziba pengo la bajeti, kisha mwaka 2012 ikatunga kanuni kwamba kuanzia 30 Juni 2014 hakuna mahakama inayoruhusiwa kubakiza zaidi ya asilimia 1 ya bajeti yake.

Hebu piga hesabu. Mwaka una siku 365, na asilimia 1 ni pungufu ya siku nne. Mahakama yenye watumishi mamia kadhaa ilitakiwa kuingia mwaka mpya wa fedha ikiwa na akiba isiyotosha kulipa mishahara ya wiki moja, na bajeti ikichelewa kusainiwa haina pa kuegemea. Mahakama zilizokuwa zimejibana kwa miaka ili zibadilishe mifumo iliyochakaa zilijikuta zimeadhibiwa kwa kuweka akiba, na zile zilizotumia kila senti hazikupoteza kitu. Kikomo kilipandishwa hadi asilimia 3 mwaka 2020, yaani siku kumi na moja hivi. Ilikuwa afadhali, lakini bado ilikuwa kidogo mno.

Kwa hiyo naam, taarifa ya kweli inaweza kumgharimu aliyeitoa. Mahakama ilisema “tunazo”, ikanyang’anywa. Lakini tazama kosa lilikaa wapi. Taarifa ilionyesha kiasi cha akiba bila kuonyesha imewekwa kwa ajili gani, kwa hiyo mbele ya mbunge fedha za kubadilisha mfumo wa majalada zilifanana kabisa na fedha zilizolala bila kazi. Leo taarifa ya Desemba inagawanya bakaa kwa vizuizi vyake, ili msomaji aone ipi inaweza kuguswa na ipi ina kazi yake. Ugawaji huo ungekuwepo kabla ya 2012, mabishano ya mwaka ule yangekuwa juu ya jambo halisi.

#9 Mkalimani

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Mimi nafanya ukalimani mahakamani huku Marekani, na naomba kuongeza kipengele ambacho wengi hawakijui. Huko California sheria ya bajeti inataka pia taarifa ya kila mwaka kuhusu fedha zinazotumika kwa wakalimani wa mahakama, na fungu hilo limetengwa kwa kazi hiyo. Kihispania kinachukua sehemu kubwa kabisa. Kiswahili hakimo katika lugha zenye mtihani kamili wa kuthibitishwa ukalimani. Mkalimani wa Kiswahili husajiliwa kwa njia nyingine, kama ilivyo kwa lugha zenye wazungumzaji wachache huko.

Taarifa hiyo ina maana kwetu kwa sababu kabla ya 2015 haki ya mkalimani wa bure katika mashauri ya madai haikuwa pana. Mama akija mahakamani kudai matunzo ya mtoto, mara nyingi alitafsiriwa na ndugu au jirani. Sheria ilipopanuliwa na mpango wa upatikanaji wa lugha kupitishwa Januari 2015, gharama zilipanda, na wabunge waliziona zikipanda katika taarifa. Ongezeko hilo lilipokuja na maelezo ya aina za mashauri yaliyoanza kuhudumiwa, mbunge aliweza kuona kwamba fedha zimegeuka kuwa mama aliyeelewa alichoulizwa. Bila maelezo hayo angeona fungu linalovuja tu.

#10 Karani Mstaafu

Sasa naelewa. Na faini je? Nimesikia kwamba huko mahakama hujitegemea kwa faini.

#11 Mtazama Kasma

Ahsante sana Mkalimani, umesema vizuri kuliko nilivyokuwa nimepanga.

Mzee Karani, hawajitegemei kwa faini, ila sehemu ya mapato yao hutoka kwenye faini, tozo na ada. Kufungua shauri kubwa la madai, katika kaunti nyingi ada yake ni dola 435. Hatari ya mapato haya ni kwamba mahakama inakuwa na maslahi katika adhabu inayoitoa, na jimbo limekuwa likijitoa polepole: mwaka 2017 lilikomesha kumnyang’anya mtu leseni ya udereva kwa sababu ameshindwa kulipa faini ya barabarani, na sheria ya mwaka 2020 ilifuta tozo 23 walizokuwa wakibebeshwa watu walioshtakiwa kwa makosa ya jinai. Mapato yakapungua, mfuko mkuu wa jimbo ukalazimika kuziba, na taarifa za mahakama ndizo zinazoonyesha shimo hilo lina kina gani. Nisingependa tuingie zaidi hapo, maana ni mada inayostahili uzi wake.

Nimalizie na jambo linaloniuma zaidi katika haya yote, ambalo halimo katika taarifa yoyote niliyoisoma.

San Bernardino ni kaunti yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 52,000, karibu sawa na Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja. Ilirithi mgao mdogo tangu enzi za kaunti, na ni mwaka 2013 tu ndipo Baraza la Mahakama lilipopitisha kanuni ya kugawa fedha kwa kuangalia wingi wa kazi badala ya historia. Mwaka huohuo, kwa ukata, mahakama ya kaunti hiyo ilifunga tawi lake la Needles, mji mdogo ulio mpakani na Arizona. Mkazi wa Needles mwenye shauri alilazimika kuvuka zaidi ya kilomita 200 za jangwa la Mojave kuitafuta mahakama nyingine ya kaunti yake.

Katika hesabu za matumizi, kufungwa kwa Needles kunaonekana kama nafuu: pango, umeme, ulinzi na mishahara ya makarani vimepungua, na mstari unashuka. Petroli aliyoinunua mkazi yule, siku ya kibarua aliyoipoteza, na shauri aliloamua kuliacha kwa sababu safari ingemgharimu kuliko deni analodai, vyote havina kasma, yaani mstari wake katika hesabu. Ninachowaomba wabunge wa California, na wa kwetu pia, ni kudai mstari huo uwekwe: kando ya kila kiasi kilichookolewa kwa kufunga mlango wa mahakama, iandikwe idadi ya watu waliokuwa wakiutumia mlango huo na umbali wa kwenda mlango unaofuata. Takwimu hizo tayari zipo masijala. Karani anazijua.